Kila mtu ananiambia nijikaze

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 32, fundi ujenzi. Kwetu ni Mpwapwa lakini naishi Nzuguni hapa Dodoma na mke wangu na binti yetu ambaye bado hajafikisha miaka mitano. Majibu yako huwa nayasoma kwenye simu ya mke wangu. Leo nimeamua kuandika mwenyewe, ila naomba jina langu usilitaje.

Nilianza kukohoa tukiwa tunapiga plasta kwenye saiti moja huko Mtumba. Nikajua ni vumbi la saruji, maana mafundi wote tunakohoa. Nikanunua dawa ya kikohozi duka la dawa, nikanywa tangawizi, nikajifukiza mkaratusi. Nilipoanza kuloa jasho usiku mpaka shuka linakamuliwa, na suruali haikai kiunoni bila kamba, mke wangu akanikokota mpaka kituo cha afya. Makohozi yakapimwa, ni TB, yaani kifua kikuu. Nikapimwa na VVU, sina. Nikaanzishiwa dawa, nikaambiwa miezi sita.

Sasa niko mwezi wa tatu. Kikohozi kimekwisha karibu chote na uzito umeanza kurudi. Watu wakiniona wanasema "umependeza, umeshapona wewe." Lakini shangazi, ndani yangu mambo yameharibika kuliko wakati ule naumwa. Nashtuka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Chakula sikitamani, hata iwe nyama ya mnadani Msalato. Zamani Simba na Yanga wakicheza sikosi kibanda umiza, siku hizi hata matokeo siulizi. Mtoto akinililia nimbebe nakasirika, halafu naenda chooni nalia. Mwanaume mzima.

Nyumbani kikombe changu kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye mkono ili kisichanganywe na vingine. Sahani yangu inakaa peke yake juu ya kabati. Mke wangu hajawahi kunitamkia neno baya, ila kile kikombe kinanisema kila asubuhi. Mtoto naye amepewa dawa za kumkinga, anazimeza akikunja uso, na mimi nikimwangalia najiona ndiye niliyemlisha sumu. Mama mwenye nyumba ameniomba nisikae kibarazani na wenzangu. Wapangaji wananong'ona kwamba nina "ule ugonjwa mwingine" nauficha. Foromani ameweka mtu mwingine kwenye nafasi yangu. Alisema nikipona nirudi, lakini sasa simu yangu hapokei.

Nikijaribu kumwambia mtu, naambiwa jikaze. Kaka yangu: jikaze, wewe mwanaume. Baba mkwe: jikaze, una familia. Kanisani wameniombea, nawashukuru, lakini nao wakaniambia wagonjwa wenye moyo mgumu ndio wanaopona. Huo moyo mgumu nimeutafuta, sinao. Nimejikaza mpaka nimechoka.

Nikwambie ukweli wote. Wiki hizi za karibuni dawa nimekuwa nikiziruka. Mdogo wangu ndiye msimamizi wangu, lakini yeye ni wa bodaboda, anapita jioni anatia tiki za siku kadhaa kwa mkupuo kwenye kadi yangu ya dawa bila kuniona nikimeza. Sio kwamba nasahau. Naviangalia vile vidonge naona vya nini. Na kuna usiku nalala naomba nisiamke.

Kliniki siwezi kulisema hili. Nikitaja tu mambo ya akili wataniandikia Mirembe, hospitali ya akili, na nikionekana naingia lile geti basi tena, mtaani nimekwisha.

Nauliza: mtu asiye na moyo mgumu anapona? Na hali hii inatokana na dawa, ni mapepo, au ni mimi tu nimekuwa dhaifu?

Fundi, Nzuguni

*

Marahaba mwanangu.

Umeichomeka sentensi moja baada ya habari za kadi na bodaboda, ukaendelea na mengine. Mimi ndiyo niliyoirudia kuisoma: kuna usiku unalala ukiomba usiamke. Basi tuanze hapo, mengine yatasubiri.

Leo hii, kabla hamjalala, mwambie mtu mmoja maneno hayohayo uliyoniandikia, bila kuyapunguza makali. Ningekuwa mimi ningemwambia mkeo. Mwanamke aliyekukokota mpaka kituo cha afya wakati wewe bado unajifukiza mkaratusi hawezi kukushindwa kwa hili. Mwambie pia dawa zako azitunze yeye, awe anakupa za siku hiyo tu. Na ikitokea lile ombi la usiku likageuka, ukajikuta unawaza ni lini na kwa njia gani, hapo usisubiri kukuche wala tarehe ya kliniki. Amsheni jirani mwenye chombo mwende hospitali yoyote iliyo karibu, upande wa dharura, mseme waziwazi kilichowaleta. Watu wa afya wanalisikia hili mara nyingi kuliko unavyodhani. Ukitaka kwanza kuongea na mtu kwa simu, namba ya Wizara ya Afya ni 199 na haina malipo.

Sasa swali lako. Mtu asiye na moyo mgumu anapona? Anapona. Nilikaa miaka mingi kwenye kliniki ya kifua kikuu kabla sijastaafu uuguzi, nikaona watu waliolia kila mwezi walipokuja kuchukua dawa wakimaliza miezi sita wakiwa wazima kabisa. Nikaona pia mashujaa, wa kucheka na kutania foleni nzima, wakiacha dawa mwezi wa tatu kwa sababu wamepata nguvu, halafu wakarudi hali zao mbaya kuliko mwanzo. Kijidudu cha TB hakijui nani jasiri. Kinakufa kwa dawa zinazofika mwilini kila siku kwa muda uliopangwa. Huzuni yako haiwezi kuzizuia dawa zisifanye kazi. Inachoweza ni kukufanya usizimeze, na imeshaanza. Ndiyo maana huzuni hii inatakiwa itibiwe kama sehemu ya TB yako, tena haraka, badala ya kuachiwa ujikaze nayo.

Kuhusu hili la kujikaza nina neno. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na mmoja wa walioufanyia kazi kubwa ni daktari aliyeitwa Karel Styblo. Yaliyopatikana hapa Tanzania yakaja kuwa mfano ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza kwa nchi nyingine katika miaka ya tisini. Sehemu mojawapo ya mfano huo ni hiyo inayokusumbua kwenye kadi yako: mtu wa pili anayekuona ukimeza. Waliopanga matibabu haya hawakutegemea mgonjwa awe na moyo wa chuma. Walijua kwamba mtu akishapata nafuu, au akivunjika moyo, au akiishiwa nauli, ataacha, hata awe na akili nzuri namna gani. Kwa hiyo wakamwekea mwenzake. Wanaokwambia ukabiliane na hili peke yako kiume wanakudai kitu ambacho hata kliniki haikudai.

Mdogo wako simlaumu sana, bodaboda ni kazi ya kukimbizana. Lakini tiki zinazowekwa kwa mkupuo zinamdanganya nesi, na zinakuacha peke yako mahali ambapo hukutakiwa kuwa peke yako. Omba msimamizi abadilishwe. Inaruhusiwa. Mkeo anafaa, au jirani unayemwamini, na kama nyumbani pagumu unaweza kumezea kituoni.

Umeuliza kama hii ni dawa, mapepo au udhaifu. Niseme kwanza jina: hayo uliyoyaeleza, usingizi unaokatika alfajiri, kukosa hamu ya chakula na ya mpira, hasira, kilio, kuona mambo hayana maana, yakikaa wiki mbili au zaidi, wataalamu huyaita sonona. Mimi siwezi kukupima kwa barua. Lakini ningekuwa nimekukuta kwenye benchi la kliniki na maelezo haya, nisingekuruhusu uondoke bila kuonwa na mtu wa afya ya akili.

Inatoka wapi? Kwako wewe naona imetoka sehemu nyingi kwa pamoja. Mwili unapopigana na vijidudu kwa miezi hutoa kemikali zinazofika mpaka kwenye ubongo, na hizo zenyewe humnyima mtu hamu ya kula na kuongea, zikamtia uchovu na kutaka kujitenga. Hapo hujanyimwa kazi bado, hujatengewa kikombe. Ongeza sasa kwamba kipato kimekatika, kodi inadai, wapangaji wananong'ona, na usiku hulali. Nani angebaki anacheka?

Dawa nazo zinahusika kwa baadhi ya watu. Kati ya zile unazomeza imo isoniazid, na kwa wachache huvuruga usingizi na akili. Hili ni jambo la kumwambia daktari ili aamue yeye. Usilitumie kama sababu ya kuacha dawa mwenyewe. Mwambie pia kama miguu inakufa ganzi au inachoma, kwa sababu kuna vitamini B6 inayosaidia. Macho yakigeuka manjano, au ukitapika mfululizo, nenda siku hiyohiyo. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa ni kawaida, ni rifampicin hiyo, dawa nyingine kati ya zako, najua uliogopa ulipouona mara ya kwanza, wote huogopa.

Hapa kuna kisa ambacho nilikuwa napenda kuwasimulia wagonjwa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, wagonjwa wa TB walijaribiwa dawa mpya, isoniazid na ndugu yake iitwayo iproniazid. Watu waliokuwa wamelala wakingoja kufa wakaanza kula, kuchangamka, hata kucheza muziki wodini. Madaktari wakagundua kwamba hiyo iproniazid inainua moyo wa mtu yenyewe, na kufikia mwaka 1957 ikaanza kutumika kwa wagonjwa wa sonona. Baadaye iliachwa kwa sababu iliharibu ini, lakini ni miongoni mwa dawa za kwanza kabisa za sonona duniani, na ilitoka wodi ya kifua kikuu. Usije ukadhani vidonge vyako vitakutoa huzuni, havifanyi hivyo. Nimekisimulia kwa sababu unaona aibu kuleta mambo ya akili kwenye kliniki ya mapafu, na kumbe madaktari wa mapafu wamekuwa nayo mikononi tangu zamani.

Mapepo nitayaacha kwa mchungaji wako. Endelea kwenda kanisani kama kunakupa faraja. Ila kijidudu chenyewe Robert Koch alikionyesha mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na kila mwaka kinawatia ugonjwa watu zaidi ya milioni 10 duniani, wacha Mungu na wasio wacha Mungu. Waombe waliokuombea wakusaidie na jambo la pili: mmoja wao akusindikize kliniki. Udhaifu je? Aliyeandika barua hii na kukiri kwamba anaruka dawa ana ujasiri wa kututosha wote.

Turudi kwenye dozi, maana hili halingoji. Nenda kituoni kesho, au siku ya kwanza ya kazi, na kadi yako na vidonge vyote vilivyobaki. Mwambie nesi umeruka siku zipi kadiri unavyokumbuka. Usimeze mara mbili kufidia, na usisubiri tarehe yako ya kawaida. Atakugombeza kidogo, huenda. Manesi tuna midomo. Vumilia dakika hizo, kisha ataangalia kama unaendelea ulipoishia au kuna la kubadilisha, na atataka makohozi yapimwe tena. Wewe ni fundi, unajua zege likionekana limekauka juu bado linamwagiliwa maji siku zote zilizopangwa, na anayeacha mapema anakuja kuziona nyufa wakati nyumba imeshapauliwa. Mwezi wa tatu wa dawa uko hivyo. Vijidudu vilivyobaki ni vile vigumu, na dozi za kurukaruka ndizo zinazovifundisha kuwa sugu. Nimewahi kuwasindikiza kwa macho wagonjwa wa kifua kikuu sugu wakipanda gari kwenda hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, enzi ambazo matibabu yao yalizidi mwaka na sindano ziliwaharibu wengine masikio. Siku hizi matibabu yake ni mafupi na yamesogezwa mikoani, lakini bado sikutakii.

Sasa kikombe. Nimekifikiria kikombe hiki kuliko vyote ulivyoandika. TB haikai kwenye mkono wa kikombe wala kwenye sahani wala kwenye shuka. Inasafiri kwa hewa, mtu mwenye ugonjwa wa mapafu anapokohoa, kupiga chafya, hata kuimba, na mwingine anavuta hewa hiyo ndani ya chumba kilichofungwa. Mkeo amepaka ile rangi kwa sababu anaogopa, na anaogopa kwa sababu hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Wewe ndiye uliyekuwa unaingia kwa daktari, yeye alibaki nje na mtoto. Amejitungia kinga yake mwenyewe kwa alichokuwa nacho ndani. Usimgombeze kwa kikombe. Mpeleke kliniki siku hiyo ya kadi, mwombe nesi amweleze yeye, wewe ukiwepo. Neno likitoka kwa nesi litafika hata kwa mama mwenye nyumba.

Kinga halisi ya chumba chako ni dirisha. Najua Dodoma ikifika Juni mpaka Agosti upepo ule wa vumbi na baridi unafanya kila mtu azibe dirisha kwa gunia. Fungueni mchana hivyohivyo, jua liingie. Kohoa ukiwa umeziba mdomo. Mtu anayemeza dawa sawasawa kwa wiki chache, na dawa zikamkubali, huacha kuambukiza. Wewe ungekuwa hujaruka ningekwambia ukae kibarazani kwa raha zako. Kwa kuwa umeruka, usimwahidi mtu yeyote kwamba huambukizi mpaka majibu ya makohozi yatoke. Mpaka hapo ukiongea na watu kaa nje penye hewa. Majibu yakitoka safi, na dawa unameza, kikombe chako kirudi kwenye beseni moja na vingine, na ile rangi mkeo aitoe mwenyewe.

Binti yako nimemwacha kidogo, nisamehe. Mtoto anayepewa dawa ya kinga ni mtoto aliyechunguzwa na kukutwa hana ugonjwa. Watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa wa TB hupewa dawa hiyo kwa utaratibu, kwa sababu miili yao midogo ikishikwa, inashikwa vibaya. Umejiona umemlisha sumu. Kwa kweli umegundulika, na kwa kugundulika kwako yeye akapata kinga. Wapo watoto wengi wanaolala chumba kimoja na baba anayekohoa ambaye hajawahi kupimwa. Mezeni pamoja, wewe zako yeye zake, saa moja asubuhi. Watoto wanapenda kuwa wakubwa, na wewe utakuwa na mtu anayekuangalia kwa makini kuliko mdogo wako.

Umesema Mirembe. Nimezeeka Dodoma hii, utani wa Mirembe naujua wote, na nauchukia, kwa sababu umewafungia watu wengi ndani na magonjwa yanayotibika. Watu wanadhani geti lile ukiingia hutoki. Wengi wanaokwenda pale wanaonwa na daktari, wanapewa dawa au wanaongea na mshauri, wanapanda daladala wanarudi nyumbani kupika. Lakini si lazima uanzie huko. Anza na nesi wako wa TB. Mwambie "silali, sili, na ninatamani kufa." Maneno hayo matatu yanatosha, atajua pa kukupeleka. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina watu wa afya ya akili, na foleni yake ina kila aina ya mgonjwa, hakuna atakayejua umefuata nini. Wakikuandikia Mirembe, nenda. Akikuona mtu wa Nzuguni pale getini, basi na yeye alikuwa pale.

Jambo moja la kitaalamu tafadhali usilisahau: yeyote atakayekupa dawa ya sonona au ya usingizi, mwonyeshe kadi ya TB kwanza. Rifampicin inapunguza nguvu za dawa nyingi nyingine, na isoniazid haipatani na baadhi. Daktari akijua atachagua inayofaa. Na pombe iache mpaka umalize. Ini lako lina kazi ya kutosha na vidonge, na pombe ukiilalia inakuamsha ileile saa tisa ukiwa umevunjika zaidi.

Kuna kitu wanakifanya Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliona wataalamu ni wachache mno, akawafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuongea na watu waliolemewa. Wakaja kupimwa kwa utafiti uliotolewa mwaka 2016, na watu waliokaa na wale bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanachofanya si siri. Wanamsikiliza mtu mpaka amalize, wanamwomba ataje matatizo yake yote, kisha achague moja tu, na wapange hatua moja ya kulipunguza, kabla ya kukutana tena.

Kwa kuwa mimi nami ni bibi, tufanye hivyo. Umetaja kazi, wapangaji, kikombe, mtoto, usingizi, dawa. Ungejaribu kuyabeba yote kesho ungelala kitandani mpaka jioni. Tukishamaliza la kliniki, ningechagua kazi, kwa sababu naona foromani amekuuma kuliko unavyokiri. Usimpigie tena simu. Mwombe daktari cheti kinachosema unatibiwa na lini unaruhusiwa kazi, halafu kiwepo tu mfukoni. Kazi nzito za zege na kubeba tofali bado si zako, na vumbi la saruji kwenye mapafu yanayopona silitaki. Lakini mafundi wanaojua kupima na kusoma ramani ni wachache. Mtafute fundi mwenzako mmoja, mmoja tu, umwulize kama ana kibarua cha nusu siku cha kupaka rangi nje au kusimamia vijana. Akisema hapana, umetoka nyumbani, umetembea, umeongea na mtu kuhusu kitu kisicho TB. Kwa mwenye sonona hiyo nayo ni dawa, hata kama mfukoni haijaingia shilingi.

Chakula usingoje hamu. Kula kidogo kidogo kwa saa ulizojipangia, uji wa ulezi uliotiwa karanga asubuhi, mlenda na dagaa mchana, yai likipatikana. Kama vidonge vinakuchefua tumboni, mwulize nesi kuhusu kumeza na kitu kidogo.

Na mtafute mtu aliyewahi kuugua TB akapona. Huko Temeke, Dar es Salaam, waliopona waliwahi kujikusanya wakaunda MUKIKUTE, wakawa wanawatembelea wanaoumwa. Hapa nesi wako anawajua waliomaliza dawa, mwombe akukutanishe na mmoja, wa kiume ikiwezekana. Mwulize yeye mwezi wa tatu ulikuwaje. Nina hakika hatakwambia ujikaze.

Wapangaji na minong'ono yao ya VVU usihangaike kuwathibitishia kitu. Ukianza kuonyesha majibu yako leo kwa huyu, kesho utadaiwa na yule, na yupo mpangaji mwingine humohumo ndani ambaye majibu yake ni tofauti na yako anayekusikia ukijitetea. Mama mwenye nyumba mwachie mhudumu wa afya wa mtaa, kazi yake ni pamoja na kutembelea kaya za wagonjwa na kuelimisha. Mwombe nesi amtume.

Kaka yako atakuuliza tena unaendeleaje. Safari hii usiseme "nipo." Mwambie: "Kaka, kujikaza nimejikaza. Nahitaji uje Jumapili ukae na mimi, na nauli ya kliniki ya mwezi huu." Kaka wengi wanasema jikaze kwa sababu hawajapewa kazi ya kufanya.

Makohozi yakishapimwa niandikie majibu, yakiwa mazuri au mabaya. Na uniambie nani sasa anatia tiki kwenye kadi.

Shangazi